Taa ya Barazani kwa Ardith

Zamani Ardith Crouse alikuwa mtu wa kucheka. Muulize mtu yeyote wa makamo pale mjini kwetu Pruitt atakwambia: kicheko chake kilitoka jikoni mwa shule, kikapita juu ya foleni ya watoto na sinia zao, kikaingia mpaka madarasani, na walikuwepo walimu waliolalamika. Alipika pale miaka mingi. Aliwajua watoto kwa vyakula wanavyokataa: huyu hali njegere, yule hali chochote kikishagusana na kingine kwenye sinia. Na Halloween ikifika, ule usiku wa mwisho wa mwezi wa kumi ambapo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, alikuwa anakaanga bisi, anazichanganya na asali ya mtama ingali ya moto, anazifinyanga madonge ya kujaa kiganja, huku vidole vinaungua na yeye anacheka. Nyumba yake ndiyo iliyovamiwa kwanza kuliko zote mtaani.

Hayo yalikwisha siku alipokamatwa Delbert, mume wake. Delbert ndiye aliyeendesha basi la kanisa, akiwachukua vijana Jumatano jioni na kuwarudisha makwao baada ya ibada. Msichana aliyekuwa akishushwa mwisho alikuwa na miaka kumi na minne. Sina haja ya kuzungusha maneno: alimnajisi mtoto wa watu, na si mara moja, na mbele ya jaji akakiri mwenyewe. Wapo pale mjini waliosema msichana alijitakia, na wengine wao wanakaa viti vya mbele kanisani mpaka leo bila haya. Ardith hakusema hivyo hata siku moja. Aliamini kila alichosikia mahakamani, akarudi nyumbani, akalala na viatu miguuni. Tangu hapo kitu ndani yake kikafa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Delbert alikaa gerezani miaka minne. Mtu asiyezijua sheria za jimbo letu la Missouri angedhani akitoka yamekwisha. Akitoka ndipo yanapoanza, na safari hii wanahukumiwa wote wa nyumba ile.

Kwanza nyumba yenyewe. Askari wa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, alikuja na gurudumu lake la kupimia, akalisukuma kutoka uzio wa shule mpaka kwenye ukuta wa chumba chao cha kulala, akatikisa kichwa. Ilikuwa karibu mno na shule kwa mtu mwenye kosa kama la Delbert. Wakaiuza, wakahamia Barabara ya Machimbo, mwisho wa mji, mahali ambapo hapana shule wala uwanja wa michezo wala kitu chochote isipokuwa nyumba chache na mabata bukini ya Oleta Fenn, mjane wa ng'ambo ya barabara. Kisha kazi ya Ardith. Hakuna aliyemfukuza. Mkuu wa shule alimkalisha ofisini akamwambia kwa upole kwamba wazazi wameanza kuuliza maswali, basi Ardith akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya yule mkuu wa shule. Akapata kazi ya kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee hawakuuliza kitu.

Picha ya Delbert ilikuwa kwenye tovuti ya serikali ya watu waliowanajisi watoto, na chini yake anwani, ambayo ilikuwa pia anwani ya Ardith. Kila baada ya miezi mitatu Delbert alikwenda kujionyesha kwa sherifu. Mtoto wa chini ya miaka kumi na minane asikanyage pale bila kibali. Wakitaka kulala hata usiku mmoja kwa ndugu yake Ardith, kwanza wapige simu kuuliza. Ardith akaacha kutaka.

Watu walimuuliza kwa nini hakumwacha, na wengine walimuuliza kwa namna isiyohitaji jibu. Binti yake, Janelle, alimuuliza mara moja tu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, amesimama jikoni kwa mama yake, mkono kiunoni.

"Mama, chagua."

"Nikimtoa hapa hana anwani," Ardith alisema. "Na asiye na anwani wanamrudisha ndani."

"Si wamrudishe!"

Ardith akaendelea kusugua sufuria.

"Mama, mimi naongea na wewe. Huyu aliye tumboni ni msichana. Wameniambia jana. Unataka nimlete hapa?"

"Hapana," Ardith alisema. "Usimlete."

Alisema kweli. Lakini Janelle alisikia kitu kingine, alisikia mama anachagua, na labda naye hakukosea. Mtoto akazaliwa, akaitwa Kinley. Ardith akawa anamwona mara mbili kwa mwaka katika mkahawa mmoja wa njiani, katikati ya Pruitt na mji anakoishi Janelle, mwendo wa saa nzima kwa gari. Walikula chapati za maji na sharubati, mtoto akafungua zawadi yake, wakaagana penye maegesho. Kinley alipofika miaka mitano aliuliza, "Bibi, kwani wewe huna nyumba?" Janelle akamfunga mkanda wa kiti haraka haraka.

Ukiniuliza mimi, hakukaa na Delbert kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwa yameisha kule mahakamani. Alikaa kwa sababu mtu mmoja lazima akae, na sukari ilikuwa imeanza kumla Delbert miguu, na asubuhi ikifika kulikuwa na sindano ya kuchoma na uji wa shayiri wa kupika. Siku zikapangana hivyo. Hawakugombana. Walizungumza habari za mvua na gari.

Usiku wa Halloween ndio uliokuwa na sheria zake peke yake. Kuanzia saa kumi na moja jioni Delbert asitoke nje ya nyumba. Taa za nje zizimwe. Mlangoni kibandikwe kibao: HAPA HAKUNA PIPI. Pale kwetu kila mtoto anajua tangu anapoanza kutembea kwamba nyumba yenye taa barazani inakaribisha, na nyumba yenye giza inapitwa. Ardith ndiye aliyetekeleza yote hayo, maana Delbert miguu ilikuwa haimbebi vizuri. Taarifa ya habari ya saa kumi na moja ikipiga muziki wake, Ardith alizima swichi ya baraza, akavuta mapazia ya mbele, akapunguza sauti ya televisheni, akachukua sahani ya biskuti za chumvi na jibini, akaenda nayo chumba cha nyuma. Wakakaa kitandani, yeye upande wake wa kulia, Delbert upande wake wa kushoto, wakala biskuti gizani kama watu wanaowakimbia wadai wao.

Mwaka mmoja mtoto wa familia ngeni alikuja kugonga hata hivyo. Aligonga, akagonga tena, akaimba kile kiitikio chao cha kuomba pipi. Delbert akainua mkono: usisogee. Mlango ule ukifunguliwa, jela. Ardith akabana pumzi mpaka mtoto akachoka akaondoka. Akajifunza kwamba mtu akitulia sana, akaacha hata kufikiri, wakati unapita bila kumgusa. Akawa hodari wa jambo hilo, hata katika miezi mingine ya mwaka.

Delbert alikufa mwezi wa pili, figo zikiwa zimekwisha.

Kwetu mtu akifiwa, majirani huleta vyakula vya kuoka katika mabakuli, na kila bakuli lina jina la mwenyewe limeandikwa kwenye plasta na kubandikwa chini, ili lirudishwe. Nimeona misiba ambako meza ilijaa, mabakuli yakapangwa mpaka juu ya mashine ya kufulia. Kwa Ardith lilikuja bakuli moja, tambi na kuku, la Oleta Fenn. Ardith alikula kidogo, akaliosha, akalirudisha siku ileile.

"Ungekaa nalo bwana," Oleta alisema mlangoni. "Sina haraka nalo. Mabata hawali tambi."

"Likiwa moja halichanganyiki na la mtu mwingine," Ardith alisema, na Oleta hakujua acheke au asicheke.

Ardith hakulia, wala hakufurahi. Kulikuwa na watu walioamini kwamba sasa atapumua, na yeye mwenyewe alingoja kuona kama atapumua. Alikwenda kazini, akakunja mashuka. Askari wa sherifu aitwaye Rudd, kijana mpole mwenye masharubu yasiyomkaa vizuri, alikuja kuthibitisha kifo, akakitungua kile kibao kilichokuwa kimetundikwa ndani ya kabati la makoti.

"Bi Crouse, hiki hukihitaji tena."

"Kichukue."

"Na picha kwenye tovuti wataifuta. Inachukua muda kidogo." Akakigeuzageuza kibao mkononi. "Pole, mama. Sijui katika mambo kama haya mtu anatoa pole vipi."

"Hivyo hivyo," Ardith alimwambia.

Mwezi wa kumi ulipoanza, Janelle alipiga simu. Hakuwa na desturi ya kupiga.

"Mama, Kinley anauliza kuhusu Halloween."

"Anauliza nini?"

"Anataka kuja kwako. Mimi sikumwambia kitu, amewaza mwenyewe. Atavaa kama nyuki. Mabawa tayari yamevunjika mara mbili, na bado wiki nne."

Ardith alikaa kwenye kiti cha jikoni. "Aje."

"Subiri kwanza." Sauti ya Janelle ilikuwa ngumu, lakini ugumu wa mtu anayejishika. "Nimemwambia utaacha taa ya baraza inawaka. Nimemwambia ukiona taa, bibi anatusubiri. Sasa kama hujawa tayari, kama bado una... sijui una nini huko ndani, mama, sijawahi kujua. Sema leo. Sitaki nimlete mtoto mpaka mlangoni kwako arudi vilevile."

"Taa itawaka."

"Mimi mwenyewe nilisharudi vilevile mara moja. Inatosha."

"Janelle. Itawaka, mwanangu."

Baada ya simu alibaki pale. Alijaribu kuona kama amefurahi. Kulikuwa na kitu, mbali, kama redio ya jirani. Alikitegea sikio, akakiacha, akainuka kuandika kwenye karatasi ya friji: asali ya mtama, mahindi ya bisi.

Alinunua pipi bila kujua watu siku hizi wananunua kiasi gani. Oleta alimkuta anashusha mifuko kwenye gari, akasimama katikati ya barabara na bata mmoja nyuma yake.

"He! Ardith, unafungua duka?"

"Watoto wangapi wanakuja huku?"

"Huku? Wawili wa kwa akina Hobbs, na wale watatu wa kwenye kambi ya nyumba za matrela, wakipata gari. Hizo pipi zitakufikisha Pasaka, na meno yako yale manne utayaaga."

"Ninayo saba."

Oleta akaangua kicheko, akaweka mkono kifuani. "Anakuja mjukuu?"

"Anakuja. Nyuki."

"Basi mimi nitawafungia hawa mabata mapema, wasije wakamla nyuki wako." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimefurahi, mwenzangu. Kweli nimefurahi." Ardith alimshukuru kama mtu anayepokea salamu za mwingine.

Siku ilipofika aliomba ruhusa kazini, akaanza kupika saa nane mchana. Bisi zikakaangwa, asali ikachemka, akaimwaga, akapaka vidole siagi, akafinyanga. Alikuwa amesahau jinsi inavyounguza. Katika donge la nne au la tano alishtuka kusikia mtu anaguna kwa kicheko mle jikoni, akagundua ni yeye. Alisimama kidogo mikono ikinata. Akaendelea. Aliyafunga madonge kwa karatasi ya nta, akachagua zuri kuliko yote kwa ajili ya Kinley, akalifunga utepe wa njano. Aliweka barazani boga lililochongwa uso, kama ilivyo desturi, na mshumaa ndani yake, wa kuwasha wakifika. Bakuli la pipi akaliweka kwenye kigoda kando ya mlango, pamoja na madonge. Akawasha taa ya baraza mapema, jua lingali juu, akatoka nje kuiangalia kwa kuwa hakuiamini. Ilikuwa inawaka.

Janelle alisema wangefika saa kumi na mbili na nusu, mtoto akishatoka shule na kula. Ardith akarudi ndani kunawa asali. Televisheni ilikuwa inaongea sebuleni bila mtu. Alikuwa bado anajifuta mikono na taulo pale muziki wa taarifa ya saa kumi na moja ulipolia.

Mkono ukaenda kwenye swichi, ukazima taa ya baraza. Akavuta mapazia ya mbele, moja, jingine. Akapunguza sauti ya televisheni. Akafungua kabati, akatoa biskuti za chumvi, akakata jibini. Hakuna wakati alioamua lolote kati ya hayo. Ukimuuliza pale pale angekwambia anapumzika kidogo, miguu imemuuma kwa kusimama jikoni, wageni bado. Akachukua sahani, akaenda chumba cha nyuma, akakaa kitandani upande wake wa kulia.

Giza likaingia taratibu. Alikula biskuti mbili. Kulikuwa na raha ya aina yake mle ndani, raha ya mtu asiyedaiwa kitu na yeyote. Kwa mbali alisikia watoto wa akina Hobbs wakipita kwa Oleta, wakipiga kelele, na Oleta akijifanya ameogopa. Hawakuvuka barabara.

Kisha yakasikika magurudumu juu ya kokoto. Gari likasimama mbele ya nyumba. Injini ikazimwa.

Ardith akabana pumzi. Mwili ulijua la kufanya. Ukaweka biskuti kwenye sahani bila mlio, ukatulia.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Sauti ndogo ikasema, safi kabisa katika hewa ile ya baridi, "Mama, hapa taa imezimwa."

Hatua ndogo zikashuka kwenye kokoto.

"Labda amesahau," ile sauti ndogo ikasema.

"Ngoja tuone," sauti ya mwanamke ikajibu. "Tukae kidogo."

Walikaa. Ardith alisikia kila kitu. Alisikia kokoto chini ya viatu vya mtoto, akizungukazunguka palepale. Alisikia mtu akikohoa. Hakuna kilichomwambia inuka. Sauti zile zilikuwa za watoto wa nje na wazazi wao, na kazi yake ilikuwa kungoja waondoke, na alikuwa hodari wa kungoja. Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikawaka. Magurudumu yakarudi nyuma juu ya kokoto, yakashika lami, yakafifia kuelekea mjini.

Ndipo akashusha pumzi. Akanyoosha mkono wa kushoto kumgusa Delbert begani, kumwambia kama alivyomwambia kila mwaka, "Wameondoka."

Mkono ukaangukia blanketi.

Aliukodolea macho. Blanketi lilikuwa limetandikwa vizuri, baridi. Kisha yale aliyoyasikia yakamwingia akilini. Alikimbia na soksi, akapiga meza na paja, akawasha swichi, akafungua mlango, akatoka barazani. Boga lilikuwa pale. Bakuli lilikuwa pale. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Simu iliita muda mrefu kabla ya Janelle kupokea.

"Nimewasha," Ardith alisema. "Janelle, rudi, nimewasha, niko hapa barazani."

"Tumeshatoka mjini, mama."

"Rudini. Ni mazoea tu, mwanangu, ile saa kumi na moja, mkono ulikwenda wenyewe. Sikutaka. Nimempikia madonge. Lake lina utepe."

Nyuma ya Janelle mtoto alikuwa akiuliza ni nani.

"Nilidhani umelala," Janelle alisema hatimaye. "Nikasema, mzee huyu, amechoka, amepitiwa na usingizi. Nilitaka nishuke nigonge. Ulikuwa umelala?"

Hapo palikuwa na neno dogo la kusema, na Janelle alikuwa amempelekea mkononi kabisa. Lakini Ardith alikuwa ameishi na uongo wa mtu mwingine nyumbani mwake, akaufulia nguo, akaupikia, na hakuweza kuanza wake.

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha nyuma."

"Ulitusikia?"

"Niliwasikia."

"Ulimsikia Kinley?"

"Nilimsikia."

"Ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya," Ardith alisema. Na sasa kile kitu kilichokuwa kimekufa ganzi kikaanza kurudiwa na damu, na kikauma kama mguu unavyouma, mpaka akashika nguzo ya baraza. Hakuwa amejua kwamba kitauma hivyo. Alitamani kife tena.

Janelle alikuwa analia, kwa sauti ya kuficha kwa sababu ya mtoto. "Siwezi kugeuza gari, mama. Si leo. Kesho ana shule." Kisha: "Sijui. Labda mwakani. Sijui."

Simu ikakatika. Ardith alikaa barazani na bakuli mapajani. Hakuja mtu.

Asubuhi Oleta aliwafungulia mabata, akaona taa ya ng'ambo inawaka katika jua jeupe. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Jumapili, akitoka kanisani na viatu vyake vya heshima, akavuka barabara. Ardith alikuwa anafagia majani barazani. Boga lilikuwa limeanza kubonyea, na madonge ya bisi yalikuwa bado kwenye kigoda, moja na utepe wake.

"Mwenzangu, umesahau taa," Oleta alisema. "Inawaka mchana kutwa."

"Sijasahau," Ardith alisema, na akaendelea kufagia.